Team In Training
Team In Training ni timu ya hisani ya Marekani inayochangisha fedha za kupambana na saratani ya damu kupitia mbio ndefu, baiskeli na triathloni. Ilianza 1988, baada ya binti mdogo wa Bruce Cleland kuugua lukemia. Cleland alikusanya wakimbiaji 38, wakakimbia marathoni ya New York na kuchangisha dola 322,000.

Anayejiunga hupata mkufunzi na ratiba ya mazoezi, kisha huwaomba jamaa na marafiki wachangie. Moyo wa timu ni wagonjwa na manusura wenyewe; wapo wanaovaa jezi ya zambarau na kukimbia. Mmoja wao, Mel Mann, mgonjwa wa lukemia, aliambiwa mwaka 1995 kuwa amebakisha miaka mitatu ya kuishi. Akaingia kwenye majaribio ya dawa ya imatinibu, na mwaka 1999 akamaliza marathoni huko Alaska: kilomita 42, ilhali dawa yenyewe haikuwa imeidhinishwa hadi 2001.

Mfano huu wa timu unastahili kuigwa Mombasa bara, nchini Kenya. Limfoma ya Burkitt, saratani ya damu inayohusishwa na malaria, huwapata watoto wa Pwani. Mzazi wa Likoni huvuka feri na mtoto mgonjwa, wa Kisauni hupitia Daraja la Nyali, wa Changamwe hupitia Makupa, ndipo wafike Hospitali Kuu ya Pwani kisiwani. Nauli ya safari hiyo hulipwa kila awamu ya matibabu, na ni gharama ambayo michango ya wakimbiaji ingeweza kuibeba.