Ubalozi wa Marekani jijini Nairobi

Ubalozi wa Marekani jijini Nairobi ni ofisi kuu ya kidiplomasia ya Marekani nchini Kenya. Uko Gigiri, kaskazini mwa jiji, kwenye barabara ya Umoja wa Mataifa, mkabala na makao ya Umoja wa Mataifa jijini humo. Hadi mwaka 1998 ubalozi huo ulikuwa katikati ya jiji, kwenye kona ya barabara za Moi na Haile Selassie. Jengo la huko liliharibiwa na shambulio la bomu lililoua watu 213.

Historia

Marekani ilianzisha uhusiano wa kibalozi na Kenya tangu nchi hiyo ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Balozi wa kwanza alikuwa William Attwood, aliyekuwa mwandishi wa habari, ambaye alianza kazi mwaka 1964.

Jengo la kona ya barabara ya Moi lilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Lilikuwa karibu na stesheni ya reli, mahali penye magari na wapita njia wengi mchana kutwa. Jirani yake palikuwa na jengo la Ufundi House, lililokuwa na chuo cha makatibu, na jengo refu la Co-operative House lenye ofisi za benki ya ushirika.

Mwaka 1983 ubalozi wa Marekani mjini Beirut, Lebanoni, ulilipuliwa kwa bomu. Baada ya hapo kamati iliyoongozwa na Bobby Inman ilipendekeza, mwaka 1985, kwamba balozi mpya zijengwe angalau mita 30 hivi kutoka barabarani. Jengo la Nairobi lilikuwa limejengwa kabla ya pendekezo hilo na halikuwa na nafasi hiyo. Balozi Prudence Bushnell, aliyefika mwaka 1996, aliiandikia serikali yake zaidi ya mara moja akieleza kwamba mahali hapo si salama na kuomba jengo jingine, lakini ombi lake halikutekelezwa.

Shambulio la 1998

Tarehe 7 Agosti 1998, mnamo saa nne na nusu asubuhi, lori lenye baruti lilifika kwenye maegesho ya nyuma ya ubalozi. Mlinzi Mkenya, ambaye hakuwa na silaha, alikataa kufungua kizuizi. Mmoja wa washambuliaji alirusha guruneti, na watu wengi katika majengo ya jirani wakakimbilia madirishani kuona kuna nini. Muda mfupi baadaye lori likalipuka. Kwa sababu hiyo wengi waliumizwa na vioo, na baadhi yao walipoteza uwezo wa kuona.

Ufundi House lilianguka lote. Jengo la ubalozi lilibaki limesimama lakini ndani liliharibika vibaya. Kati ya watu 213 waliokufa, Wamarekani walikuwa 12. Karibu wote waliobaki walikuwa Wakenya: wafanyakazi wa ubalozi, wanafunzi, watumishi wa ofisi za jirani na wapita njia. Majeruhi walizidi 4,000. Balozi Bushnell mwenyewe aliumia. Wakati huo alikuwa mkutanoni katika Co-operative House.

Dakika chache kutoka mlipuko huo, ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam, Tanzania, ulishambuliwa pia na watu 11 wakafa. Mashambulio yote mawili yalifanywa na kundi la al-Qaeda lililoongozwa na Osama bin Laden. Mwaka 2001 mahakama ya New York iliwatia hatiani washtakiwa wanne, nao wakahukumiwa kifungo cha maisha. Fazul Abdullah Mohammed, mzaliwa wa Komori aliyetajwa kuwa kiongozi wa mpango wa Nairobi, aliuawa Mogadishu mwaka 2011.

Kuhamia Gigiri

Baada ya shambulio ubalozi uliendesha kazi zake katika majengo ya muda. Jengo jipya la Gigiri lilifunguliwa mwaka 2003. Limezungukwa na ukuta na limewekwa mbali na barabara, kama pendekezo la 1985 lilivyotaka. Gigiri ni pia makao makuu ya mashirika ya UNEP na UN-Habitat.

Eneo la zamani

Mabaki ya jengo la zamani yalibomolewa, na mwaka 2001 mahali pake palifunguliwa bustani ya kumbukumbu. Humo kuna ukuta wenye majina ya waliokufa na jumba dogo la makumbusho. Kila mwaka tarehe 7 Agosti manusura na ndugu za marehemu hukutana hapo.

Suala la fidia halijaisha kwa wengi wao. Marekani ilitoa misaada ya matibabu na ya kukarabati majengo. Mwaka 2020 Sudani, iliyoshtakiwa kwa kuwapa al-Qaeda hifadhi, ilikubali kulipa dola milioni 335 kwa ajili ya wahanga wa mashambulio ya al-Qaeda. Fedha hizo zililenga hasa raia wa Marekani na waliokuwa wafanyakazi wa balozi. Wakenya waliokuwa njiani au katika majengo ya jirani, ambao ndio sehemu kubwa ya majeruhi, wameendelea kudai kwamba nao walipwe.