Jinsi Zambia Ilivyopata Njia ya Mafuta

Katika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi ya Chama chetu Kikuu, wengine wameeleza habari za mazao, bei na maghala. Mimi nimechagua habari za mafuta, kwa kuwa hakuna gunia la mahindi litokalo Nyanda za Juu za Kusini likafika sokoni pasipo dizeli. Tena, chini ya ardhi yetu hii limelazwa bomba ambalo vijana wetu wengi hawaijui historia yake, nayo ina fundisho kwa kila mwanaushirika.

Zambia ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964. Ni nchi isiyo na pwani, na mafuta yake yalishushwa katika bandari ya Beira, Msumbiji, iliyokuwa chini ya Wareno. Kutoka huko yalipita Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe, yakasafishwa katika kiwanda kipya cha Feruka karibu na Umtali, kisha yakavushwa mto Zambezi kwa gari la moshi. Njia hiyo ilikuwa imezoeleka tangu zamani, kwa hiyo hapakutengenezwa nyingine ya kuisaidia.

Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith na walowezi wenzake wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wenyewe. Mwezi wa Disemba Uingereza ilizuia mafuta yasiende Rhodesia, na mara Smith naye akaikatia Zambia. Hivyo nchi ambayo haikuwa na kosa lolote katika ugomvi huo ilijikuta imefungiwa mlango, na akiba yake ni haba. Ikabidi serikali ya Rais Kaunda igawe petroli kwa kipimo, na mgao huo ukaendelea mpaka mwaka 1968.

Msaada wa kwanza ulipitia angani. Ndege za Uingereza zilibeba mafuta kutoka Dar es Salaam na Nairobi, na ndege za Kanada na Marekani zikabeba kutoka Kongo. Mafuta yalitiwa katika mapipa ya galoni 44. Kazi hiyo iliiokoa nchi, lakini gharama yake ilikuwa kubwa mno, maana ndege nayo hunywa mafuta ili kubeba mafuta.

Msaada wa pili ulipitia barabarani. Mwaka 1966 serikali za Tanzania na Zambia zilishirikiana kuunda kampuni ya malori, na misafara ikapita Morogoro, Iringa, Mbeya na Tunduma, mwendo wa karibu kilomita 2,000 mpaka Zambia. Malori yalipanda na mafuta, yakateremka na shaba. Sehemu kubwa ya barabara ilikuwa ya udongo: wakati wa masika ni matope, wakati wa kiangazi ni vumbi. Madereva waliipa jina la Kiingereza lenye maana ya mbio za jehanamu, na wengi walipoteza maisha yao humo. Hatuna budi kuwakumbuka, kwani walifanya kazi ya ukombozi bila ya kushika bunduki.

Ndipo serikali hizo mbili zilipoazimia kujenga bomba. Kampuni ya Kitaliani ililaza mabomba ya chuma kutoka Kigamboni, Dar es Salaam, mpaka Ndola, umbali wa kilomita 1,710, na kazi ikakamilika mwaka 1968. Njiani viko vituo vyenye mitambo ya kuyasukuma mafuta yapande milima. Mali hiyo ina hisa: theluthi mbili ni za Zambia na theluthi moja ni ya Tanzania. Jina lake, TAZAMA, limeundwa kwa maneno matatu: Tanzania, Zambia, Mafuta.

Mwanzoni bomba lilipitisha mafuta yaliyokwisha kusafishwa. Tangu mwaka 1973, kilipofunguliwa kiwanda cha Indeni huko Ndola, lilipitisha mafuta ghafi. Kiwanda hicho kiliacha kusafisha mafuta mwaka 2021, na mwaka 2023 bomba liligeuzwa kupitisha dizeli. Mafuta yakifika Ndola, malori huyachukua na kuyapeleka mikoani, ambako serikali ya Zambia imejenga maghala, kama vile Lusaka, Mpika, Solwezi, Mongu na Mansa, ili mkulima wa mbali naye asisahauliwe.

Ndugu wanachama, historia hii yatufundisha mambo mawili. La kwanza, mwenye njia moja hutawaliwa na yule aikaaye. Zambia haikukosa fedha wala shaba. Ilikosa njia ya pili na akiba ya kutosha. La pili, bomba halikujengwa kwa sadaka. Lilijengwa kwa hisa, kila mwenye hisa akiwa na haki yake na wajibu wake, na huo ndio ushirika wenyewe tunaouhubiri katika mikutano yetu.

Na sisi je? Kila mwaka mavuno yakiwa tayari, malori yetu yote huhitaji dizeli kwa wakati mmoja, nasi huinunua siku ile ile ya haja, kwa bei apendayo muuzaji. Mwaka ambao dizeli itachelewa wiki mbili tu, mahindi yatanyeshewa vituoni, na hasara itakuwa ya mkulima. Kwa hiyo naomba Mkutano Mkuu ujao ufikirie kutenga sehemu ya ziada yetu kila mwaka, ili tujenge tangi letu wenyewe kwa kufuata sheria za usalama, na kulijaza kabla ya msimu.

Wazee walisema akiba haiozi. Zambia ililijua neno hilo kwa taabu. Sisi tunaweza kulijua kwa kusoma.