Kutoka Dinamo hadi Altaneta: Nafasi ya Diodi ya Silikoni katika Historia ya Kuchaji Betri ya Gari

Maelezo mengi kuhusu historia ya mfumo wa kuchaji betri ya gari huihesabu altaneta kuwa uvumbuzi wa miaka ya 1960. Dai hilo halina budi kusahihishwa. Mashine za kuzalisha mkondo geu zilifahamika tangu karne ya 19. Kilichokosekana ni kifaa chepesi na cha kudumu cha kuugeuza mkondo huo kuwa mnyoofu, kwa kuwa betri ya risasi na asidi haichajiki ila kwa mkondo wa upande mmoja.

Hitaji la kuchaji garini lilipata uzito mwaka 1912, Cadillac ilipouza magari yanayowashwa kwa umeme, kazi ya Charles Kettering. Mashine iliyozungusha injini wakati wa kuwasha ndiyo iliyozalisha umeme baada ya injini kuwaka. Kwa takriban nusu karne iliyofuata dinamo ilitawala. Umeme wake huzalishwa katika nyaya zinazozunguka, hivyo mkondo wote hauna njia ila kupitia komuteta na brashi za kaboni. Ikizungushwa kwa kasi kubwa mno, brashi hulika na nyaya huweza kung'oka. Ikizungushwa polepole, haitoi umeme wa kutosha. Katika mfumo wa brashi ya tatu, mkondo haukufuata hali ya betri, kiasi kwamba katika safari ndefu za mchana madereva waliwasha taa kubwa ili betri isichajiwe kupita kiasi. (Taa, kwa maneno mengine, zilifanywa kidhibiti.) Ilihitajika pia katauti, yaani swichi ya sumaku iliyozuia betri kurudisha umeme kwenye dinamo injini ilipozimwa.

Altaneta inaupindua mpangilio huo. Nyaya zinazozalisha umeme hutulia. Kinachozunguka ni sumaku-umeme inayohitaji ampea chache tu. Kwa hiyo inaweza kuzungushwa kwa kasi mara mbili au zaidi ya ile ya injini, na ikachaji hata gari likiwa limesimama. Chrysler iliifunga katika Valiant ya 1960, ikitumia diodi za silikoni. Diodi hizo huunyoosha mkondo na papo hapo huzuia umeme kurudi, hivyo katauti ikakosa kazi. Kidhibiti volti kilibaki, kikiongeza au kupunguza mkondo wa sumaku-umeme ili betri ya volti 12 ipate takriban volti 14.

Wapo wanaolieleza badiliko hili kwa ongezeko la redio, vipasha joto na foleni za mijini. Mahitaji hayo yalikuwapo kweli. Hata hivyo, magari ya polisi ya Marekani, yenye redio na yanayosimama muda mrefu injini ikiwaka, yalikuwa nayo tangu miaka ya 1940, na baadhi yake yalifungwa altaneta zenye virekebishi vya seleniamu. Virekebishi hivyo vilikuwa vikubwa na ghali, na mnunuzi wa kawaida aliendelea kuuziwa dinamo.