Nakala Moja Tu

Nilipoacha chuo nikiwa mwaka wa pili, kazi ya kwanza niliyopata ilikuwa kujazia watu nyimbo. Duka lilikuwa na upana wa kitanda, kompyuta mbili, na karatasi ya bei ukutani: memori kadi finje, flashi soo. Ukitaka benga nakupakia benga, ukitaka rumba ya kina Franco nakupakia hadi nafasi iishe. Kama ilikuwa halali au la, sikujiuliza. Landlodi hakuuliza pia.

Siku moja akaja mzee na kanda imefungwa kwa karatasi ya nailoni. "Kijana wangu, mnaweza kuitoa hapa mkaiweka kwa flashi?" Nikamwambia mashine ya kanda hatuna, lakini anitajie bendi, huenda nyimbo ziko kwa kompyuta. Zilikuwepo. Nikabonyeza moja, akainamia spika, akatulia hadi gita likaisha. Kisha akasema, "Hiyo besi ni mimi napiga."

Nikamtoza soo kama mtu mwingine yeyote. Bosi alikuwa nyuma yangu.

Hiyo soo ndiyo iliyonifanya nianze kusoma habari za hakimiliki, mimi ambaye chuoni nilikuwa natoroka darasa. Nilitaka kujua jambo dogo: mtu akishanunua kanda yake kwa pesa yake, anaruhusiwa kuinakili ajisikilizie mwenyewe?

Wajerumani waligombania swali hilo kabla wengi wetu hatujasikia neno kaseti. Mwaka wa 1955 mahakama yao ya juu iliamua kwamba hata kurekodi nyumbani kwako, kwa mashine yako, kunahitaji ruhusa ya wenye muziki. Sawa, lakini utamkamataje mtu sebuleni kwake? GEMA, shirika linalokusanya mirabaha ya watunzi, likataka wanunuzi wa mashine za kurekodi watoe vitambulisho dukani, ili lijue nani anazo. Mwaka wa 1964 mahakama ikakataa, maana nyumba ya mtu si mahali pa kupekuliwa ovyo. Mwaka uliofuata sheria mpya ikaleta mapatano: wananchi wanakili kwa matumizi yao binafsi, na watengenezaji wa mashine walipe kitu kwa ajili ya wasanii. Yaani pesa inachukuliwa mlangoni, na sebule inaachwa kwa amani.

Waingereza hawakutaka njia hiyo. Huko, kunakili muziki ulionunua kulibaki kosa, kosa lililofanywa na karibu kila nyumba. Miaka ya themanini kampuni za muziki zilizindua kampeni ya kuwaambia watu kwamba kurekodi nyumbani kunaua muziki, na picha yake ilikuwa kaseti yenye umbo la fuvu na mifupa miwili. Bendi ya Marekani, Dead Kennedys, ikawacheka kwa kuacha upande mmoja wa kanda yake mtupu, mnunuzi arekodi anachotaka. Kampuni zikaishtaki Amstrad kwa kuuza redio inayoweza kunakili kutoka kanda moja hadi nyingine, na mwaka wa 1988 zikashindwa. Jaji Templeman akaongeza kwamba sheria inayodharauliwa kiasi hicho irekebishwe au ifutwe.

Ikachukua miaka 26. Tarehe 1 Oktoba 2014 ndipo Mwingereza aliruhusiwa kuhamisha CD yake hadi kwa simu yake bila kuvunja sheria. iPod ilikuwa imeishi miaka 13 kabla ya hapo! Na ruhusa yenyewe haikumaliza mwaka. Wanamuziki walikwenda mahakamani wakisema serikali imetoa ruhusa bila fidia, na bila ushahidi wa kutosha kwamba hawataumia. Julai 2015 Mahakama Kuu ikaifuta.

Mimi niko upande wa Wajerumani katika hili, na cha kushangaza, hata sheria yetu iko huko. Sisi tulirithi hakimiliki kutoka kwa Mwingereza, lakini Sheria ya Hakimiliki ya 2001, iliyoanza kutumika 2003, haikumfuata hapa. Kifungu cha 28 kinasema mwenye rekodi hawezi kukuzuia kutengeneza nakala moja kwa matumizi yako mwenyewe. Nakala moja tu. Badala yake ana haki ya fidia, itokane na tozo juu ya vifaa vya kurekodia na kanda tupu, ilipwe na anayeviingiza nchini au anayevitengeneza.

Nilisoma hicho kifungu mara tatu. Kumbe mzee alikuwa sawa kabisa. Kanda ni yake, nakala ni yake, hata asingekuwa mpiga besi. Mwenye makosa ni duka, kwa sababu sisi hatukunakili kwa matumizi yetu, tulikuwa tunauza, na hizo nyimbo hata hatukuwa tumezinunua. Ile flashi yake nayo ilitoka ng'ambo kama zingine zote. Kwa karatasi, kuna senti yake ilipaswa kukatwa pale Mombasa. Wanamuziki niliozungumza nao tangu hapo, na ni wachache, hakuna aliyewahi kuniambia ameiona.

Duka lilifungwa bando zilipoanza kuwa rahisi. Wateja wetu sasa wanasikiliza muziki ambao hawajaununua, wanaukodisha tu mwezi kwa mwezi, na lile swali la nakala yangu na kanda yangu limeanza kusikika kama hadithi za kale.

Mwaka jana nikapata redio kaseti pale Gikomba, ile ya kanda mbili. Upande mmoja umekufa, mwingine unacheza vizuri. Nikapita mtaa ule wa duka mara mbili nikimuulizia mzee mwenye kanda kwa nailoni. Jina lake sikuwahi kumuuliza. Ninalo la bendi tu.