Dole la Mama (Sehemu ya Nne)

ILIPOISHIA: Asubuhi ya baridi, afisa parole kutoka Magereza anaingia uani kwetu Tunduma akiwa na faili kwapani. "Shikamoo mama. Nimeleta habari za shemeji yako." Mama anaacha kupepeta.

SASA ENDELEA...

Ungo ulibaki mikononi mwake, mchele wa Kamsamba nusu safi, nusu na chuya zake. Mama hakuitikia ile shikamoo. Bibi ndiye aliyesema "karibu mwanangu" kutoka kwenye kigoda chake karibu na jiko la mkaa. Bibi alizaa watoto wawili wa kiume. Mmoja yuko makaburini, mwingine yuko Gereza la Ruanda, Mbeya, kwa kumuua huyo wa kwanza.

Afisa alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akafungua faili magotini.

"Shemeji yako alifungwa miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Theluthi ya kifungo ameshaipita, mwenendo wake mzuri. Bodi ya mkoa imempitisha, Bodi ya Taifa imempitisha, Waziri wa Mambo ya Ndani ameridhia. Leo saa nne anatoka kwa parole."

"Amesamehewa?"

"Hapana, mama. Kifungo anakimalizia nje. Ataripoti kwangu, na hatoki wilayani bila kibali. Akionekana Nakonde tu, anarudi ndani."

Asiyeijua Tunduma ataliona sharti hilo dogo. Kwetu Nakonde ya Zambia ni ng'ambo pale; mtoto hutumwa sukari akarudi chai haijachemka, na mama lishe anapokea shilingi na kwacha kwa mkono uleule. Baba mdogo mwenyewe alikuwa utingo wa malori ya shaba, mpaka kwake ulikuwa kama kizingiti cha mlango.

Baba alikufa Oktoba 2019, wiki ileile Magufuli na Lungu walipokuja kufungua Kituo cha Pamoja cha mpakani. Mji mzima ulikuwa barabarani kuwaona marais. Sisi tulikuwa na turubai uani na watu wa matanga. Ugomvi ulikuwa wa kiwanja, usiku, taa zimekatika, na silaha ilikuwa mchi wa kinu chetu wenyewe. Polisi waliuchukua kama kielelezo, haukurudi. Kinu kipo mpaka leo pembeni ya choo, kuku wanalalia humo.

Mama aliweka ungo chini.

"Mwanangu, nikuulize. Mwaka 2017, tarehe 9 Desemba, mimi na marehemu tulikaa hapo ndani tukaangalia wanamuziki Babu Seya na Papii Kocha wanaachiwa. Walifungwa maisha mwaka 2004 kwa kubaka watoto wa shule. Siku ile walisamehewa wafungwa 8,157, na mtaa huu ulishangilia kwa nyimbo. Mume wangu akazima televisheni. Akasema, wale watoto kuna aliyewauliza?"

Afisa alishusha macho. Alikuwa kijana, nadhani swali lile hakufundishwa chuoni.

"Ule ulikuwa msamaha wa Rais, mama. Ibara ya 45 ya Katiba inampa mamlaka hayo. Parole ina sheria yake, ya mwaka 1994. Mfungwa wa maisha hahusiki, wa unyang'anyi wa kutumia silaha hahusiki, wa dawa za kulevya hahusiki. Na sisi, familia ya marehemu tunaiuliza. Ndiyo maana nimekuja pia kukushukuru kwa ridhaa yako."

"Ridhaa gani?"

Akageuza karatasi. Niliinama nyuma ya bega la Mama. Jina lake lilikuwa pale, kwa wino wa bluu, na mbele ya jina, dole gumba. Chini yake maneno manne: *Sina kipingamizi arudi nyumbani.*

Mama ana elimu ya darasa la saba. Daftari lake la madeni ya mchele pale Majengo ameliandika mwenyewe tangu niko mgongoni, na saini yake ina mkia mrefu kama wa panya. Mama hajawahi kuweka dole popote.

Nilitazama vidole vya Bibi. Visafi. Ndipo nikaona mstari wa mwisho wa karatasi, palipoandikwa *shahidi*. Ile saini naijua. Ni ya kaka yangu.

Kaka aliondoka alfajiri. Alisema anafuata mzigo wa mchele Mbeya. Kazi yake ni kubadilisha fedha mpakani, mchele hajawahi kubeba hata debe moja.

"Mama," afisa alisema taratibu, "kama dole hili si lako, niambie sasa hivi. Nikipiga simu moja, hatoki. Lakini aliyeghushi naye nitamchukua."

Malori yalikuwa yanaunguruma kwenye foleni. Mama alinitazama, nikajua ameiona ile saini kabla yangu. Akikataa, mwanawe anakwenda jela. Akikubali, muuaji wa mumewe jioni anakula ugali wake.

"Dole ni langu," alisema.

Afisa aliandika, akafunga faili, akaaga. Mlango wa uani ulipofungwa tu, Mama alinishika mkono kwa nguvu.

"Kimbia stendi. Kaka yako amemtoa ili amuue. Siku ya mazishi aliapa, nilimsikia kwa masikio yangu. Panda gari lolote, ufike Ruanda kabla ya saa nne!"

Nilikuwa nimeshavaa kandambili mguu mmoja Bibi aliposimama. Bibi, ambaye kila mwezi alikwenda Ruanda peke yake na kifurushi cha sabuni, na ambaye neno parole alilishika redioni enzi za Mzee Augustino Mrema akiwa mwenyekiti wa Bodi ya Taifa. Miaka yote hii hakuwahi kuuzungumzia usiku ule.

"Mwache mtoto akae," alimwambia Mama. "Kijana hakwenda kuua. Amekwenda kumpigia magoti."

"Ampigie magoti muuaji?"

Bibi alikitazama kile kinu.

"Taa zilikuwa zimekatika, mkwe wangu. Nani alikwambia mchi aliushika mwanangu?"

ITAENDELEA Jumamosi ijayo. Msomaji, ungekuwa wewe ni Mama, ungemrudisha yule afisa?