Minyororo ya Vitabu

Wenzangu wa kalamu, kama hamjaisoma Sorcery of Thorns, itafuteni. Azimeni, kodisheni, fanyeni mnavyojua. Ni riwaya ya Margaret Rogerson, mwandishi wa Marekani, iliyotoka mwaka 2019, nami nimeimaliza kwa siku tatu huku usingizi nikiuweka kando. Shujaa wake ni binti aitwaye Elisabeth Scrivener. Hana baba wala mama. Amelelewa tangu uchanga ndani ya maktaba, naye ni mwanagenzi wa kazi ya ukutubi. Lakini si maktaba kama hizi zetu za kugongewa muhuri na kuambiwa "nyamaza". Humo vitabu vya uchawi vina uhai. Vinanong'ona, vinanuna, vingine vinampenda binti huyu kama paka anavyompenda mwenyewe. Kitabu kikiharibiwa kinageuka zimwi la wino na ngozi, ndiyo maana wakutubi hutembea na chumvi na chuma, na vile vitabu hatari hufungwa minyororo.

Kuna mapenzi pia, kuna mchawi kijana na pepo wake Silas (huyo Silas, jamani, ni mhusika!), ila mimi nilinasa kwenye minyororo. Msomaji anaweza kudhani ni chumvi ya riwaya tu. Kumbe minyororo ya vitabu ilikuwapo kweli, na mingine ipo hadi leo.

Nenda Hereford, mji mdogo wa Uingereza karibu na mpaka wa Wales. Katika kanisa kuu la mji huo kuna maktaba yenye vitabu kama 1,500, na kati yake vilivyoandikwa kwa mkono enzi za kale ni zaidi ya 200. Kabati zake zilianza kutengenezwa mwaka 1611. Kila kitabu kina mnyororo wake. Ncha moja imeshikizwa kwenye jalada la mbele, nyingine imevishwa kwenye fito ya chuma inayopita mbele ya rafu, na fito hiyo ina kufuli. Ajabu ni kwamba vitabu vimepangwa kinyume na tulivyozoea: mgongo umeingia ndani, kurasa zinakutazama. Sababu ni nyepesi. Ukikivuta namna hiyo unakilaza juu ya meza iliyo chini ya rafu na kukifungua bila mnyororo kujisokota. Unasoma hapohapo, unakirudisha, unakwenda zako.

Kwa nini taabu yote hiyo? Hela, bwana. Inakadiriwa kwamba Biblia moja ya Gutenberg, ya zile zilizochapwa juu ya ngozi mnamo 1455, ilikula ngozi za ndama karibu 170. Hilo ni zizi zima la ng'ombe ndani ya majalada mawili! Na kabla ya hapo kila neno liliandikwa kwa mkono. Ndiyo maana waandishi wengine wa zama hizo walimalizia kitabu kwa laana: atakayekiiba na apatwe na haya na yale. Uchawi haukuwa mbali sana na rafu, mnaona.

Wala wakutubi wenye ubavu si wa kutungwa. Mwaka 1645 Mfalme Charles wa Kwanza aliomba kuazima kitabu kutoka maktaba ya Bodleian, Oxford. Mkutubi John Rouse akamkatalia, kwani kanuni ilisema vitabu havitoki. Mfalme mzima!

Sasa hapa ndipo historia inapoachana na riwaya. Kwa Elisabeth, mnyororo unamkinga mtu dhidi ya kitabu. Kwa Hereford, unakikinga kitabu dhidi ya mtu. Lakini mimi nasema ulifanya zaidi ya hapo. Kitabu ambacho hawakutaka ukiguse walikifungia ndani ya kasha. Walichokifunga mnyororo ni kile kilichoachwa nje ili kila aliyeruhusiwa kuingia akisome. Shule moja niliyosoma ilikuwa na kabati la vioo lililojaa riwaya, kufuli mlangoni, na ufunguo sijui kwa nani. Miaka minne tulisoma migongo ya vitabu. Mnyororo ningeupokea kwa mikono miwili.

Kufuli kali zaidi haikuwa hata ya chuma. Mwaka 1538 serikali ya Mfalme Henry wa Nane iliamuru kila kanisa la mtaa liweke Biblia kubwa ya Kiingereza mahali ambapo watu wataifikia, na nyingi zilifungwa mnyororo. Watu wakaja. Aliyejua kusoma alisoma kwa sauti, wasiojua wakamzunguka, wakaanza kubishana mambo ya dini. Wakubwa wakaingiwa na hofu. Mwaka 1543 ikatoka sheria: wanawake wa kawaida, mafundi, wanagenzi, watumishi, wakulima wadogo na vibarua, marufuku kuisoma Biblia hiyo. Mke wa bwana mkubwa aliruhusiwa, ila asome peke yake. Elisabeth wetu, binti tena mwanagenzi, angepigwa marufuku mara mbili. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1547, baada ya Henry kufa.

Miaka mia moja na kitu baadaye, Manchester, alifariki tajiri wa biashara ya nguo aitwaye Humphrey Chetham. Mwaka 1653 wasia wake ulianzisha maktaba ambayo yeyote angeingia bila kudaiwa kitu. Vitabu vyake navyo vilifungwa minyororo, hadi katika karne ya 18 ilipoondolewa na vijia vya kati ya kabati vikawekewa mageti. Mwaka 1845 waliingia humo vijana wawili Wajerumani, mmoja miaka 27, mwenzake 24, wakakaa pembeni ya dirisha na vitabu vya uchumi: Karl Marx na Friedrich Engels. Meza ile bado ipo, na wageni huenda kuketi hapo.