Moto, Mkasi na Gundi: Udhibiti wa Vitabu katika Fahrenheit 451

Katika insha hii nitaeleza jinsi riwaya moja ya Marekani inavyotusaidia kuelewa historia ya uchomaji wa vitabu. Riwaya yenyewe ni Fahrenheit 451 ya Ray Bradbury, iliyochapishwa mwaka 1953. Nimeichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kimasomo: inauliza ni nani hasa anayeua vitabu, serikali au wasomaji. Ya pili inanihusu mimi mwenyewe. Nitaieleza mwishoni, ingawa si jambo la kujivunia.

Riwaya za aina hii huitwa riwaya za distopia. Mwandishi hubuni nchi ya siku zijazo ambako mtu amebanwa hata hana nafasi ya kufikiri, kisha humwacha msomaji ajiulize kama nchi hiyo iko mbali kweli. Katika nyingi kati ya hizo, maandishi ni jambo la hatari. George Orwell, katika riwaya yake ya mwaka 1949 inayoitwa 1984, alimpa Winston Smith kazi ya kubadilisha magazeti ya zamani ili yalingane na yale serikali inayosema leo. Karatasi za awali hutupwa kwenye tundu ukutani, zikaungua. Waandishi wa riwaya hizi wenyewe pia hawakusalimika. Yevgeny Zamyatin wa Urusi aliandika riwaya yake maarufu mwanzoni mwa miaka ya 1920. Ilitoka New York kwa Kiingereza mwaka 1924, lakini wasomaji wa Umoja wa Kisovieti waliisubiri mpaka mwaka 1988.

Bradbury alikwenda moja kwa moja kwenye moto. Katika nchi aliyoibuni, wazimamoto hawazimi moto, wanauwasha. Guy Montag ni mmoja wao. Kazi yake ni kufika usiku kwenye nyumba inayoshukiwa kuwa na vitabu na kuviteketeza, na mwanzoni anaifurahia kazi hiyo. Siku moja mwanamke mzee anakataa kuviacha vitabu vyake, anawasha kiberiti mwenyewe na kuungua navyo. Tangu hapo Montag hana amani. Anataka kujua kuna nini ndani ya vitabu hata mtu akubali kufa navyo.

Moto huo ulikuwa na historia. Usiku wa tarehe 10 Mei 1933, Bradbury akiwa mtoto wa miaka 12 huko Marekani, vitabu zaidi ya 20,000 viliteketezwa katika uwanja wa Opernplatz mjini Berlin, mkabala na chuo kikuu. Moto kama huo uliwashwa katika miji mingine ya Ujerumani yenye vyuo vikuu. Miongoni mwa waliochomewa vitabu walikuwemo Karl Marx, Sigmund Freud, Heinrich Mann na Erich Maria Remarque. Mwandishi Erich Kästner alikuwa amesimama katika umati, akitazama vitabu vyake vikitupwa motoni. Joseph Goebbels, waziri wa propaganda, alifika na kuhutubia.

Nilipoanza kusoma habari hizi nilidhani wachomaji walikuwa askari. Kumbe walioandaa shughuli ile walikuwa wanafunzi wa vyuo vikuu, kupitia chama chao cha kitaifa. Kampeni yao ilianza mwezi Aprili kwa matangazo, kisha wakakusanya vitabu kutoka maktaba na maduka. Walitumia orodha zilizoandaliwa na mkutubi, Wolfgang Herrmann. Kwa hiyo mtu aliyesomea kutunza vitabu ndiye aliyechagua vya kuondolewa, na watu waliokwenda chuo kusoma ndio waliovibeba mpaka motoni. Walikuwa vijana wa umri wangu. Sidhani wote walikuwa na chuki mioyoni. Nadhani wengi walikuwa wanafunzi hodari, waliopenda kusifiwa na wakubwa.

Jambo hili linanirudisha kwenye riwaya. Mkubwa wa Montag, Kapteni Beatty, anamtembelea nyumbani na kumsimulia jinsi mambo yalivyoanza. Anadai kwamba hayakuanza kwa amri ya serikali. Watu wenyewe walichoka kusoma. Vitabu vikafupishwa, na muhtasari nao ukafupishwa tena. Kila kundi lililochukizwa na kitabu fulani likataka kiondolewe. Wazimamoto walikuja mwishoni kumalizia kazi. Mildred, mke wa Montag, hahitaji kukatazwa kusoma. Sebuleni kwake kuta tatu ni televisheni, naye huwaona waigizaji kama ndugu zake wa damu.

Hata hivyo, tusimwamini Beatty kwa kila neno. Yeye ni mchomaji, na mchomaji hupenda kusema kwamba wananchi ndio walioomba moto. Wanafunzi wa Berlin walichoma vitabu miezi michache tu baada ya Hitler kushika madaraka, wakijua kabisa upepo unavuma kuelekea wapi. Hata Marekani, mwaka uleule riwaya hii ilipotoka, serikali ilikuwa ikiondoa vitabu vya waandishi walioshukiwa kuwa wakomunisti kutoka maktaba zake za nchi za nje. Mwezi Juni 1953 Rais Eisenhower aliwaonya wanachuo wa Dartmouth wasijiunge na wachoma vitabu. Kwa maoni yangu, serikali na wasomaji hufanya kazi hii pamoja. Wakubwa hutoa amri, au huonyesha tu wanachokipenda, nasi tunawasaidia kwa utii na kwa uvivu wetu wa kusoma.

Ushahidi wangu mkubwa ni yaliyoipata riwaya hii yenyewe. Mwaka 1967 wachapishaji wake, Ballantine, walitoa toleo maalumu kwa ajili ya shule. Sehemu 75 hivi zilibadilishwa. Maneno ya kuapiza yaliondolewa, na mlevi akageuzwa kuwa mgonjwa. Kuanzia mwaka 1973 toleo hilo lililokatwa ndilo pekee lililouzwa, na Bradbury hakujua. Hakuna aliyewasha moto wala kupiga marufuku chochote. Walitumia mkasi tu, kwa nia ya kuwalinda vijana. Waliomfumbua macho mwandishi, mwaka 1979, ni wanafunzi waliokuwa wakiisoma riwaya hiyo na kumwandikia barua. Alikasirika, akataka maneno yake yote yarudishwe, na yakarudishwa.

Sasa nifike kwenye sababu yangu ya pili. Nilipokuwa kidato cha tano, hapa Uganda, nilikuwa kiranja wa maktaba. Siku moja mwalimu aliniita, akanipa kopo la gundi na nakala kumi na moja za riwaya mpya iliyoletwa shuleni. Akanionyesha kurasa mbili zinazotazamana, akasema hazifai kwa wanafunzi, nizibandike. Nilimaliza kabla ya chakula cha jioni. Niliweka kamusi nzito juu ya kila nakala ili gundi ishike vizuri. Kesho yake mwalimu alinisifu kwa unadhifu wa kazi, nami nilifurahi.

Sikuzisoma kurasa zile. Si kwamba niliogopa. Haikunijia hata kidogo kwamba ningeweza kuzisoma. Na kwa mwaka mzima hakuna mwanafunzi aliyekuja kuniuliza kwa nini kurasa zimeshikana. Sote tulikuwa tunakariri vile vijitabu vya maswali na majibu vinavyouzwa mjini. Beatty angetucheka.

Mwaka jana niliikuta riwaya ileile katika maktaba ya chuo, nikafungua mahali pale. Hapakuwa na neno chafu hata moja. Msichana anamweleza shangazi yake mambo anayofanyiwa na mtu mzima anayeaminiwa na familia nzima, na shangazi anamwamini. Basi. Darasani kwetu tulikuwa wasichana ishirini na tatu. Siwezi kujua ni nani kati yetu alizihitaji kurasa zile mbili.

Historia huwakumbuka waliowasha moto kwa sababu moto huonekana mbali. Berlin leo, chini ya uwanja ule, pana chumba cheupe chenye rafu tupu, kilichojengwa mwaka 1995 ili watu wasisahau. Mkasi na gundi haviachi majivu ya kuwekewa kumbukumbu. Huonekana tu pale msomaji anapogeuza ukurasa na kuuliza mbona hadithi imeruka.

Nimenunua nakala moja ya riwaya ile kwa akiba yangu. Likizo ijayo nitaipeleka shuleni kwetu na kumwomba mwalimu aiweke kwenye rafu kama ilivyo. Sijui kama ataipokea.